Munyu Ndani ya Soseji

Chelangat alikuwa na mdomo, hilo hata yeye mwenyewe hakulikana. Mdomo ndio uliomwezesha kufungua kiwanda chake kidogo cha soseji nyuma ya bucha moja pale Kitale, akibishana na wenye nyumba, wenye stima, wenye leseni na wenye kuuza mashine mbovu, mpaka wote wakachoka wakampa alichotaka. Na mdomo huohuo ndio nusura umzamishe. Lakini tusiende mbio. Tuanze na simu.

Simu ilipigwa Jumatatu asubuhi na Wilkista, mwenye hoteli pale Bungoma mjini, ambaye peke yake alichukua zaidi ya nusu ya soseji zote za Chelangat.

"Chelangat, kuja uone maajabu," Wilkista alisema bila hata salamu. "Nimeweka soseji kumi kwa kikaango. Maji imetoka utadhani nachemsha kwato. Saa hii ziko kama vidole vya mtoto. Na zile za Ijumaa zimekauka, ukiuma zinapukutika kwa shati. Wateja wananiangalia tu."

"Si ulisema hutaki poda?"

"Nilisema sitaki poda. Sikusema sitaki soseji."

Chelangat alihamishia simu sikio la pili.

Maneno ya poda yalikuwa hivi. Kwa miaka minane Chelangat alitengeneza soseji jinsi alivyojifunza alipokuwa kibarua kwenye kiwanda kikubwa: nyama ya ng'ombe, mafuta, viungo, barafu, na poda mbili za kununua, moja ya kushika maji ndani ya nyama na nyingine ya kutunza rangi. Soseji zilitoka nono, nyekundu, zinang'aa. Kisha wateja wa Wilkista, hasa walimu na watu wa ofisini, wakaanza kuvaa miwani na kusoma maandishi ya nyuma ya paketi. Hili ni nini? Na hili lenye jina refu je? Maswali hayo yote yalimwendea Wilkista. Ndipo alipomwambia Chelangat, "Nataka soseji ambayo nikiulizwa imewekwa nini, naweza kujibu bila kumeza mate."

Chelangat hakuwa mtu wa kukimbia kazi. Rangi aliipata kwa bitiruti iliyokaushwa na kusagwa. Ile harufu ya mafuta yaliyochacha, inayoingia soseji ikikaa, aliizuia kwa rozmari, hiyohiyo inayojaa kwenye nyua za Kitale na ambayo watu huipita kila siku wakiipangusa kwa viwiko. Kitunguu saumu na dania alikuwa navyo tangu zamani. Mpaka hapo alijiona amefika. Lakini kazi ya ile poda ya kwanza, ya kushika maji, ilimtoa jasho. Alitia unga wa muhogo, akapata uji uliovalishwa ngozi. Alitia viazi, vikachacha. Alitia mtama, Wilkista akamuuliza kama siku hizi anauza chakula cha kuku.

"Nakupa mpaka Jumamosi," Wilkista alisema sasa kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imelainika, jambo lililomtisha Chelangat kuliko makelele. "Mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini nikiendelea hivi nitabaki na viti tu. Ikikataa, wiki ijayo naanza kuchukua za kiwandani. Usinichukie, bana."

Alipokata simu, Chelangat alisimama katikati ya chumba chake akakiangalia. Mashine ya kusaga. Friji mbili. Jepkoech, msichana wa kufunga soseji, aliyekuwa anaosha ngozi za kuzijazia huku akijifanya hakusikia. Na Bramwel Sifuna kwenye mashine. Wilkista akiondoka, mlango huo ungefungwa kabla mwezi haujaisha, na yeye Chelangat ndiye angewaambia hawa wawili waende nyumbani.

Sifuna alikuwa mtu wa Matulo, kule karibu na Webuye, mwenye miaka hamsini na kitu, mpole, asiyesema mambo mara mbili. Ujana wake aliutumia kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye, na kilipofungwa alirudi nyumbani na buti zake mkononi. Kwa hiyo alishaona kazi ikiisha, na hakutaka kuona tena. Alizima mashine akakaribia.

"Mama Jepkorir," alisema, kwa kuwa ndivyo walivyomwita Chelangat kwa jina la binti yake. "Na tukijaribu munyu?"

"Munyu gani?"

"Ule wa kienyeji, musherekha. Mama yangu anautengeneza kwa majivu ya makapi ya maharagwe. Ukiweka kwa kunde ngumu zinalainika. Ukiweka kwa jogoo mzee, nyama inashika supu yake. Mimi naona ni kazi moja na ile poda."

"Majivu?" Chelangat alipandisha sauti. "Sifuna, unataka niuzie watu majivu? Ai! Nyinyi watu wa Bungoma mkimaliza majivu mtakula nini, moshi?"

Jepkoech aliangua kicheko. Sifuna pia akatabasamu, maana utani wa namna hiyo ulikuwa mkate wao wa kila siku.

"Na nyinyi Wakalenjin je? Si mnakunywa maziwa na makaa?"

"Hiyo si makaa! Hiyo ni senetwet. Tunachoma ule mti, tunasugua ndani ya kibuyu, ndiyo mursik inakaa wiki na wiki bila kuharibika."

"Basi," Sifuna alisema. "Mti umechomwa, chakula kimekaa. Mimi nimesema nini tofauti?"

Chelangat alikuwa ameshikwa, na mtu mwenye mdomo akishikwa ni hatari. "Rudi kwa mashine yako," alisema. Sifuna akarudi. Hakununa. Hilo la kutonuna ndilo lililomchoma Chelangat jioni hiyo alipokuwa akifunga mlango, lakini hakulisema.

Jumanne alijaribu mbegu za maboga. Jumatano alijaribu shayiri. Wacha tu. Alhamisi Sifuna alikuwa ameomba ruhusa ampeleke mama yake kliniki, kwa hiyo Chelangat alijikuta na Jepkoech peke yao, Jumamosi ikimkodolea macho. Akakumbuka munyu. Kumpigia simu Sifuna, kiburi kilimkataza. Na kwani kuna ugumu gani? Kazi ya kuchoma mmea na kuutia kwenye chakula aliikuta kwao. Mama yake alimfundisha angali mdogo: unachoma, unasugua kibuyu, unamimina maziwa. Unavyozidi kusugua ndivyo mursik inavyozidi kuwa nzuri.

Alitafuta makapi ya maharagwe kwa jirani mwenye ng'ombe, akayachoma kwenye beseni bovu, akapepeta yale majivu kwa chekeche la unga mpaka yakawa laini. Kisha akachukua bakuli zima akalimwaga kwenye kilo ishirini za nyama. Kwenye kibuyu hakuna kuchuja. Kinachochomwa ndicho kinachoingia. Basi wazo la kuchuja halikumjia hata kidogo.

Ala! Zilizotoka hazikuwa soseji. Zilikuwa na rangi ya simenti mbichi. Kikaangoni zilitoa harufu ya sabuni ya kufulia. Jepkoech, kwa heshima, alitia kipande kinywani, akatafuna mara mbili, mchanga ukasikika menoni, akaomba radhi akatoka nje. Chelangat alijaza sahani akampelekea mbwa wa bucha. Mbwa yule, ambaye siku nyingine hula hata kamba, alinusa akaenda zake.

Chelangat aliketi juu ya kreti akalia. Alilia kwa hasira kwanza, halafu kwa woga, halafu kwa uchovu tu. Alipomaliza alifuta uso kwa aproni, akachukua simu.

"Sifuna. Nimeharibu nyama. Kilo ishirini. Nimeweka ule munyu wako."

"Umeutoa wapi?"

"Nimechoma makapi ya maharagwe."

"Ukachuja?"

"Kuchuja nini?"

"Mama Jepkorir," Sifuna alisema polepole, "umeweka majivu yenyewe?"

"Si kwa kibuyu tunaweka yenyewe!"

Sifuna alicheka. Miaka minane Chelangat hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Kisha alimsikia akimweleza mtu kwa Lubukusu, na kicheko cha pili, chembamba, cha bibi kizee, kikaingia kwenye simu. Siku nyingine Chelangat angekata. Siku hiyo alijikuta anacheka nao, machozi hayajakauka, mpaka Jepkoech akachungulia mlangoni kuona kama mwajiri wake ana akili timamu.

"Usichome kitu kingine," Sifuna alisema alipopata pumzi. "Kesho asubuhi niko hapo."

Ijumaa saa moja alifika na mtungi wa lita tatu. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, safi, hayana hata chembe. Alieleza kwamba walipotoka kliniki walikaa na mama yake mpaka jua likazama, majivu yakiwa ndani ya mkebe uliotobolewa chini na kutandikwa nyasi, maji yakidondoka tone kwa tone. Kisha akamtilia Chelangat tone moja kiganjani.

"Onja."

Chelangat akaonja. Yalimkwaruza ulimi kidogo, halafu yakateleza.

"Hapo ndiyo sawa," Sifuna alisema. "Ikikuuma sana, ongeza maji. Kijiko kimoja kwa kilo moja, basi. Ukizidisha ni ile sabuni ya jana."

Siku hiyo Sifuna alikuwa mdosi, mwenye kutoa amri. Chelangat alishika barafu akakaa kimya, na ule ukimya wake ulimshangaza Jepkoech kuliko majivu. Nyama ilisagwa baridi, munyu ukatiwa kijiko kwa kijiko, kisha chumvi, kitunguu saumu, dania, rozmari na bitiruti. Sifuna alichanganya kwa mikono, akakanda, akakanda. Mara nyama ikabadilika. Ilianza kunata. Ilishikana na vidole ikakataa kuachia, na Chelangat, aliyekuwa ameisubiri dalili hiyo tangu alipotupa poda, alitumbukiza mikono yake pia.

"Sifuna, inanata!"

"Si nilikuambia, bana."

Walikaanga tatu palepale. Kikaango hakikujaa maji. Mafuta yalichachatika, soseji zikabaki na unene wake, na Jepkoech alipokata ya kwanza mchuzi ulitoka ndani ukateremka kwenye kisu. Alikula. Wenzake wakamtazama. Alichukua ya pili bila kuomba.

Jumamosi Chelangat alizipeleka Bungoma mwenyewe. Wilkista aliweka moja kwenye kikaango, akakunja mikono, akaitazama kama anayelinda mfungwa. Akaigeuza. Akaikata. Akatafuna.

"Umerudisha poda."

"Sijarudisha."

"Chelangat, usinidanganye mbele ya kikaango changu."

"Ni nyama, mafuta, barafu, chumvi, kitunguu saumu, dania, rozmari, bitiruti," Chelangat alihesabu kwa vidole. "Na munyu. Musherekha."

Wilkista, mtoto wa Bungoma hasa, alitoa macho. "Ule wa kukhu, bibi yangu? Wa kupikia mboga?"

"Huohuo."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Lakini biashara ni biashara. Alifuta macho akasema, "Hizi zingine nitaziweka kwa friji mpaka Jumatano. Zikikaa vile ziko, tunaendelea. Zikibadilika, tumeachana."

Siku nne hizo Chelangat hakula wala hakulala vizuri. Jumapili kanisani hakusikia mahubiri hata neno moja. Aliomba tu, akirudia ombi lilelile kama mtu anayebisha mlango: Mungu, zisibadilike. Jumatatu alimsaidia Sifuna kuosha mashine ambayo haikuwa chafu. Jumanne alikaa karibu na simu. Jumatano saa nne simu ikalia, akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Kuna mwalimu hapa," Wilkista alisema. "Yule wa miwani. Ameniuliza imewekwa nini. Nimemhesabia moja moja mpaka munyu, bila kumeza mate. Ameuliza kama nina za kubeba nyumbani. Leta kama kawaida, Chelangat. Na asante. Nilikuwa nimeshafanya roho ngumu, sikutaka kukuacha."

Chelangat aliweka simu mezani. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji, na gambuti zake na aproni yake, akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kikalenjin. Jepkoech alipiga magoti kando yake. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Kongoi, Sifuna. Asante sana. Nilikucheka, na wewe umeniokoa. Ningekusikiza Jumatatu sasa ningekuwa na kilo zangu ishirini na amani yangu. Nisamehe."

Sifuna aliangalia kitambaa alichoshika. Uso ulimjaa aibu ya furaha. "Mimi nilibeba tu mtungi," alisema. "Mwenye munyu yuko Matulo."

Basi Jumamosi iliyofuata, Chelangat na Sifuna walipokwisha shusha mzigo Bungoma, pikapu yao ilipinda kuelekea Matulo. Chelangat alikuwa na shali, sukari, majani ya chai, na soseji zilizofungwa kwenye barafu. Njia nzima alipanga hotuba ya shukrani, ndefu, yenye mistari ya Biblia.

Mama yake Sifuna, Nakhumicha, alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni pa jikoni, anapukuchua maharagwe. Alikuwa mdogo wa mwili, aliyekula chumvi nyingi, macho yangali makali.

"Mulembe, kukhu," Chelangat alisalimu alivyofundishwa garini.

"Mulembe." Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Ni wewe wa majivu? Kalibu, mwanangu. Kalibu kiti."

Wote walicheka, na kicheko kilipoisha, hotuba yote ilikuwa imemtoka Chelangat kichwani. Hakuketi. Alichutama mbele ya yule bibi, akamshika mikono yote miwili yenye vumbi la maharagwe.

"Kukhu, kazi yangu ilikuwa inakufa. Munyu wako umeisimamisha. Mimi nakula, huyu mwanao anakula, na msichana mmoja kule Kitale anakula. Nimekuja kukuambia asante. Ni hiyo tu imenileta."

Nakhumicha alimgeukia mwanawe, kama anayeuliza kama masikio yake yako sawa.

"Nilianza kuchuja munyu nikiwa msichana," alisema. "Nimepikia bwana yangu, watoto, wajukuu, watu wa matanga. Wakila wanasema mboga ni tamu. Wengine wanasema mpishi ni mzuri. Mtu wa kuja kushukuru munyu sijaona. Hawa mabibi ya watoto wangu wananunua magadi ya duka, wanasema hii yangu ni ya umaskini. Nilijua nikienda, imeenda na mimi."

"Haiendi mahali," Chelangat alisema. "Kila wiki nitahitaji mtungi, na utalipwa kama mtu wa kazi. Na Jepkoech atakuja umfundishe. Mimi pia, kama utakubali mwanafunzi mkubwa."

"Wewe nitakufundisha kuchuja kwanza," bibi alisema.

Chelangat aliingia jikoni, akachochea moto kwenye mafiga, akakaanga mwenyewe. Harufu ya rozmari na kitunguu saumu iliwaita watoto wa boma zima. Wajukuu wanne walijipanga mlangoni, kimya, macho kwenye sahani. Chelangat alidhani ni uroho wa kawaida wa watoto, mpaka alipompa Nakhumicha sahani na kumwona akiisukuma upande wao.

"Wape hawa. Mimi na nyama tuliachana." Bibi alifungua kinywa akaonyesha. Meno mawili tu, yote ya chini. "Kwa sherehe mimi nakunywa mchuzi. Fungu langu wanalijua wenyewe, wananingojea hapo kila mara. Tangu mzee wangu azikwe iko hivyo."

Chelangat alibaki ameshika sahani. Alimwangalia Sifuna, Sifuna akaangalia chini.

"Kukhu," alisema, "onja tu. Ikikataa, toa."

Nakhumicha alichukua soseji moja kwa vidole viwili, bila imani. Aliitia kinywani, akaibana kwa fizi, akangoja. Kisha taya zikaanza kwenda, polepole, na ngozi ya soseji ikapasuka, na mchuzi ukamjaa kinywani akafumba macho. Alimeza. Aliangalia kipande kilichobaki mkononi, akakigeuza upande huu na upande ule, kana kwamba kuna mtu angekuja kumnyang'anya. Akakimaliza.

Akachukua ya pili. Sifuna alitoka uani, akasimama anatazama shamba la mahindi, kitambaa usoni. Nakhumicha alikula bila haraka na bila kuongea na mtu, na alipofika ya tatu alikuwa anatabasamu huku anatafuna, mafuta yakimng'aa kidevuni. Wale wajukuu walingoja mlangoni na vidole vyao vinywani, wakatazamana. Siku hiyo hakuna aliyeitwa. Sahani ilirudi tupu, na Chelangat akaipokea kwa mikono miwili.